Mama Mkwe Amemwimbia Mwanangu Wimbo wa Msiba

Mpendwa Mchungaji Malale,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa kila wiki hapa Mwamkulu na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami ningekuwa mmoja wa wale wanaokuandikia, kwa sababu mimi mwenyewe ni mwinjilisti na watu ndio huja kwangu na shida zao, lakini safari hii maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia bila habari kuzunguka kata nzima, kwa hiyo nakuomba unishike mkono, na ukichapisha barua hii tafadhali badilisha majina.

Nimemuoa Joséline, binti wa Katumba, kule kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, na sijawahi kujuta kumuoa, tumeishi kwa amani na hata ndugu zangu waliokuwa wananiuliza kama Mpimbwe mzima nimekosa msichana mpaka nikaoe kwa Warundi walinyamaza wenyewe walipoona anavyolima na anavyoomba. Mungu alitupa mtoto wa kiume akafariki kabla hajaanza kutambaa, tukamzika hapa hapa Mwamkulu, na siku ile kwaya yangu mwenyewe iliimba "Amevuka leo", ule wimbo ambao kwetu hauimbwi popote isipokuwa makaburini jeneza linaposhuka, na nakumbuka mama mkwe wangu, mama Apollinarie, aliuimba kwa sauti ya juu kupita wote, mikono ameinua, uso unang'aa, wakati mimi baba wa mtoto siwezi hata kufungua mdomo, na kusema kweli tangu siku ile nilibaki na kitu moyoni juu yake, maana nilijiuliza ni bibi wa namna gani anayemzika mjukuu kwa furaha vile.

Tukakaa muda mrefu bila mtoto, watu wakasema waliyosema, halafu Mungu akatukumbuka, Joséline akajifungua mtoto wa kike, Marta, na alipomaliza siku zake za kukaa ndani tukafanya ibada ya shukrani kanisani, na mama mkwe akaja kutoka Katumba kwa bodaboda na kitenge kipya na kuku, na mama yangu mzazi, mama Tereza, naye alikuwepo, kanisa limejaa, kila mtu anacheka. Basi mama mkwe akapewa mtoto amshike, akasimama naye mbele ya madhabahu, akamwinua, akafumba macho na kuanzisha:

Amevuka leo, mpokeeni,
amevuka leo, shangilieni.

Mchungaji, kwaya hawakujua waitikie au wanyamaze, mama yangu alijiziba mdomo kwa mikono miwili, na mimi nilihisi ardhi inazunguka, nikaona kaburi la mwanangu wa kwanza waziwazi kabisa, nikaenda nikamchukua Marta kutoka mikononi mwake na kumwambia kwenye kipaza sauti, "Mama, nyamaza, huo ni wimbo wa makaburini." Akajifunga kitenge chake vizuri akarudi kukaa, na ibada ilipokwisha hakungoja chakula.

Pengine yote yangeishia pale, lakini haikupita muda Marta akashikwa na homa kali, tukakimbia naye zahanati wakampima wakasema ni malaria, akapewa dawa na akapona, namshukuru Mungu, lakini mama yangu akaniambia nisidanganyike na vipimo, mtoto aliimbiwa kifo mbele ya madhabahu, na mimi nikaliona hilo ni kweli kwa sababu Neno la Mungu linatuonya juu ya ulimi, hata Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya nguvu ya ulimi na washirika wengi walibubujikwa na machozi. Nikamwambia mke wangu kwamba mama yake asikanyage kwangu mpaka atubu mbele ya wazee wa kanisa. Yeye akawa anasema kwao neno lile lina maana nyingine, mimi nikaona anamfunika mama yake tu, na sikutaka kusikia Kirundi wakati mwanangu ametoka kuugua, na tangu hapo akawa ananipa chakula na kuniitikia salamu basi, hakuna maneno mengine, mpaka akaniaga anakwenda Katumba kusaidia kuvuna maharage na akaondoka na mtoto, na maharage yamekwisha kuvunwa na hajarudi.

Sasa ubatizo wa Marta umeshapangwa, mchungaji wetu wa mtaa anakuja kubatiza watoto wote kwa pamoja, na mke wangu amenitumia ujumbe kwamba atamleta mtoto kwa sharti moja, mama yake amshike na aumalize ule wimbo, na bila hivyo mtoto atabatizwa huko huko Katumba. Mama yangu naye anasema wimbo ule ukiimbwa tena juu ya mjukuu wake atasimama atoke na asinihesabu tena kuwa mwanawe. Mimi ni mtumishi, watu wananitazama, nikikubali nimemweka mwanangu chini ya maneno ya kifo, nikikataa sina mke. Je, nimlazimishe mama mkwe atubu kwanza? Na je, kuna ubaya nikimwomba mchungaji wetu afanye maombi ya kuyavunja maneno yale kabla ya ubatizo? Naomba unijibu upesi, silali.

Wako katika utumishi,
Mwinjilisti Zablon, Mwamkulu

MCHUNGAJI MALALE ANAJIBU

Mwinjilisti, marahaba. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoniomba, ingawa sijui itakusaidia nini, maana wewe mwenyewe umenieleza kwamba kanisa lilijaa. Tuendelee.

Pole kwanza. Nakupa pole ya kweli. Kumzika mtoto ambaye bado hajatambaa ni jambo ambalo sisi watumishi hulihubiria wenzetu kwa ufasaha hadi siku linapoingia kwetu, na ndipo tunagundua kwamba ufasaha wote umekwisha. Uliposikia wimbo ule juu ya Marta ulirudi kaburini, na hilo sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi ningetetemeka vilevile. Mwili hauombi ruhusa.

Lakini kutetemeka ni jambo moja, kipaza sauti ni jambo jingine. Wewe ni mtoto wa Mpimbwe, umelelewa, na unajua mkwe ni nani. Mkwe ambaye ukikutana naye njiani unapaswa kumpisha na kuinamisha macho, wewe umemnyang'anya mtoto mikononi na kumwambia anyamaze mbele ya kanisa zima. Halafu Jumapili iliyofuata ukapanda mimbarini na kumhubiri, naye hayupo hata ajitetee, na bado unanitajia machozi ya washirika kama ushahidi. Washirika walilia kwa sababu unahubiri vizuri. Hilo halikufanyi uwe na haki.

Sasa sikiliza. Katika barua yako ndefu kuna sentensi moja uliyoiandika haraka haraka na kuipita, na mimi niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Umesema mkeo alikuambia kwamba kwao neno lile lina maana nyingine. Ukaona anamfunika mama yake. Mwinjilisti, wewe ambaye ukiandaa mahubiri unatafuta neno moja la Biblia linasemaje hapa na linasemaje pale, umemuoa mtu ambaye lugha yake iko mezani kwako kila siku, na hukumuuliza swali dogo kuliko yote: maana gani?

Basi nakujibia mimi. Kuvuka, kwa Kirundi, ni kuzaliwa.

Rudia kuusoma ule wimbo. Amezaliwa leo, mpokeeni. Amezaliwa leo, shangilieni. Mama Apollinarie alisimama mbele ya madhabahu na mjukuu aliyesubiriwa kwa muda wote ule, akamwambia Mungu na kanisa kwamba mtoto amezaliwa, naomba mfurahi pamoja nami. Hayo ndiyo maneno ya kifo unayotaka mchungaji wenu ayavunje.

Unaweza kuniuliza nimejuaje. Nimehudumu Katumba, na mara ya kwanza niliposikia akina mama wa kule wakiwaimbia watoto wachanga wimbo huo nami nilishangaa kama wewe, ila ibada ilipokwisha nilimtafuta mzee mmoja wa kanisa, jina lake Pontien, Mungu amrehemu, nikamuuliza kulikoni. Alicheka sana. Halafu akaacha kucheka.

"Mchungaji, kwetu kuvuka ni kuzaliwa," aliniambia. "Tulipoletwa hapa watoto walitufia wengi. Wenyeji wakaja kutusaidia kuzika, wakaimba hivyo. Kiswahili tulikuwa hatukijui, neno tulilolishika ni hilo moja tu. Tukasema, nyie watu mna imani gani, mnamshusha mtoto kaburini huku mnaimba kwamba amezaliwa leo."

Nikamuuliza kama hawakuja kujua baadaye kwamba kwa Kiswahili kuvuka ni kupita kwenda upande wa pili. Akasema walijua, watoto wao waliporudi kutoka shule waliwaeleza. Nikamuuliza kwa nini basi hawakuacha.

"Tuache kwa nini?" alisema. "Wimbo ulikuwa umeshatusaidia."

Nimeyafikiri maneno hayo mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia. Wenyeji waliimba walichojua, wageni wakasikia kilicho kikubwa zaidi, na wakaishi nacho. Tangu hapo Katumba wimbo ule unaimbwa pande zote mbili, mtoto akija duniani na mtu akiondoka, na mama Apollinarie, ambaye kwa umri wake nadhani alifika pale akiwa msichana, aliufundishwa hivyo na mama yake. Hakuna aliyemfundisha kwamba kwa mkwewe wimbo huo una mlango mmoja tu.

Kwa hiyo urudi sasa kwenye lile jambo lililokukaa moyoni siku zote. Ulimwona akimzika mjukuu wake wa kwanza kwa mikono juu na uso unaong'aa, ukamhesabia kuwa hana uchungu. Mwinjilisti, wewe pale ulikuwa unamuaga mwanao. Yeye alikuwa anakiri, kwa sauti ya juu kupita wote kwa sababu ilikuwa vigumu kupita yote, kwamba mtoto yule amezaliwa mahali ambapo hatakufa tena. Siku ile katika kundi zima la Mwamkulu, pamoja na kwaya yako na wewe mwenyewe mwinjilisti, sijui kama kulikuwa na mtu mwingine aliyeamini hivyo. Na wewe ukamwekea kinyongo kwa hilo.

Naomba niseme kidogo juu ya nyimbo, maana hili haliwahusu ninyi peke yenu. Mahubiri yangu mimi watu huyasahau kabla hawajafika nyumbani, na nimeshazoea. Wimbo ndio unaoondoka nao. Unakwenda nao kwenye palizi, unakaa nao jikoni ugali unaposongwa, unasubiri nao kwenye foleni ya zahanati. Na kila mtu anauimba kwa yale yaliyompata. Ukiniwekea waimbaji ishirini wakaimba ubeti mmoja, nina hakika Mungu anasikia maombi ishirini. Kazi yako kama mtumishi, mtu anapoimba kitu kikakushtua, ni kumsogelea umuulize umeimba nini, mama. Hukupewa kazi ya kupima wimbo wa mtu kwa kaburi lako.

Juu ya homa ya Marta, tafadhali usinichekeshe. Mtoto alipata malaria kwa sababu Katavi ina mbu. Zahanati walipima, wakatoa dawa, akapona, na ulimshukuru Mungu, kisha ukamrudia tena Shetani kumpa sifa zilizobaki. Weka chandarua, kichomekee vizuri pembeni, funika maji. Ukiogopa neno moja la bibi kiasi hicho, sijui ubatizo wenyewe unautakia nini.

Haya, twende kwenye kazi. Maombi ya kuvunja maneno usiyaombe. Ukimwomba mchungaji wenu afanye hivyo utakuwa umemtukana mama mkwe wako mara ya tatu, na safari hii kwa jina la Yesu. Toba nayo iko, ila umekosea nani wa kutubu.

Anza na mama yako mzazi. Mama Tereza hakukosa kitu, alisikia kile ambacho mtu yeyote wa Mpimbwe angesikia, na naye alimzika mjukuu yule yule. Kaa naye chini mchana, pasipo watu, umweleze neno hili kama nilivyokueleza, na umweleze na habari ya mzee Pontien. Usimwambie kwamba gazeti limesema. Mwambie kwamba wewe hukuuliza. Akiendelea kusema atatoka, mjibu kwa heshima kwamba kiti chake kitakuwa palepale akirudi, na usibishane zaidi. Mimi nawajua akina mama wa aina hiyo, nimezaliwa na mmoja. Anaweza kutoka hadi mlangoni, lakini nina mashaka kama atakosa kuchungulia.

Kisha nenda Katumba. Nenda mwenyewe. Usitume wazee, usitume ujumbe wa simu, usimtume Joséline akuandalie njia. Ulimnyamazisha kwa mdomo wako, kwa hiyo mdomo ule ule ndio utakaokwenda. Na ukifika usianze na habari za ubatizo, maana ukianza na ubatizo ataona umekuja kwa sababu una shida ya mke na shughuli. Anza na yeye. Mwambie ulimkosea heshima ya mkwe, umwambie hukujua neno lake na hukutaka kulijua. Sehemu hii ya pili itakuwa ngumu kuliko ya kwanza. Iseme hivyo hivyo.

Joséline mwombe msamaha wake peke yake, usimchanganye kwenye ule wa mama yake. Alikuambia ukweli ukamwita mwongo, halafu akaendelea kukupikia. Mwanamke wa namna hiyo hapatikani kila mahali, na mimi nikiwa baba yake ningekuwa nimekwisha kukuita zamani.

Jumapili ya ubatizo, kabla mchungaji wenu hajaanza, omba dakika chache na uchukue kile kile kipaza sauti. Waeleze washirika neno kuvuka lina maana gani kwa Kirundi na kwamba uliwahubiria vibaya. Utaona aibu, na ni vizuri uone. Kanisani kwenu kuna familia nyingine zenye bibi kutoka Katumba, na tangu ile Jumapili yako nina hakika kuna wazee wanaoimba kwa kunong'ona wasije wakanyamazishwa nao. Hao wanahitaji kukusikia kuliko hata mkeo. Baada ya hapo mpe mama Apollinarie mtoto, ukae, umwachie yeye aamue. Akiimba, itikia, tena kwa sauti. Asipotaka kuimba siku hiyo, usimwombe. Kuna watu ambao sauti yao ikikatwa mbele ya watu huchukua muda kurudi, na deni hilo litakuwa lako, utalisubiri kwa adabu.

Najua unaogopa kwenda. Unaogopa ukifika uani atajifunga kitenge chake tu kama alivyofanya siku ile, na wewe mhubiri utakosa la kusema. Basi nakupa neno moja la Kirundi ubebe njiani: mumbabarire. Maana yake ni mnisamehe, na linasemwa hivyo kwa wingi kwa mtu unayemheshimu. Lirudie njia nzima kutoka Mwamkulu. Utalitamka vibaya, na yeye ataelewa ulichokusudia.